Kondoo Waliolishwa Machicha ya Bia

Barza ya Kiponda ni ya mawe, imeegemea ukuta wa nyumba ambayo warithi wake wanagombania nani aipake chokaa tangu kabla ya Mapinduzi. Sasa ni mwaka wa sabini na moja na chokaa bado. Ina nafasi ya watu wanne wazima, na kila baada ya sala ya alasiri wanne hao huwapo. Yupo Abdulla, aitwaye Taarifa, mwenye redio ambayo betri zake zilikwisha mwaka jana na madukani hazipatikani, lakini taarifa zake hazijakatika hata siku moja. Yupo Simai, aitwaye Daktari, aliyefanya kazi miezi minane na watu wa mifugo, akishika mkia wa ng'ombe ili mwenye kazi achome sindano. Yupo Ame, aitwaye Fatwa, aliyesoma kitabu cha fikihi mpaka katikati, na nusu iliyobaki huitoa kichwani kila inapohitajika. Na yupo Sleiman, fundi wa cherehani, aitwaye Bobini, mtu wa maneno machache, ambaye watu wake zamani walikuwa na mikarafuu Kidichi na leo yeye ana bisibisi tatu na chupa ya mafuta. Mbele yao huchutama Jaku na dele lake la kahawa, akigonganisha vikombe kuita wateja, ingawa wateja wote anawaona.

Jumatatu hiyo Abdulla alikuja akasimama. Mtu akifika barzani asikae, ana jambo.

— Kaa, bwana, unatuzibia upepo, alisema Ame.

— Sikai mpaka niulize. Fundi Sleiman, lile gunia lililoanikwa dirishani kwako, gunia gani lile?

Sleiman alikuwa amekifikisha kikombe mdomoni. Alikiacha pale pale.

— Gunia la pumba. Bi Kulthum kalifua.

— Limeandikwaje?

— Limeandikwa maandishi.

— Maandishi hayo mie nshayasoma. Nimesimama chini ya dirisha nikayasoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani. Limeandikwa kiwanda cha bia.

Jaku aliacha kugonganisha vikombe. Simai aliitazama kofia yake. Ame alisema astaghfirullah, akasogea kidogo upande wa pili wa barza, upande usio na Sleiman, lakini barza ilikuwa imekwisha ikabidi arudi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miezi mitatu nyuma, Sleiman alinunua kondoo wawili wadogo kutoka Uroa, wamekonda mtu anaweza kuwaona mbavu akiwa ng'ambo ya njia. Mkaza mwanawe, Tamima, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam na mimba kubwa ajifungulie kwa mama mkwe, Bi Kulthum, mke wa Sleiman, kwa kuwa mamake mwenyewe alikwishatangulia mbele ya haki. Kila mwezi likaja na meli gunia la chakula cha mifugo. Ulikuwa mwaka wa foleni. Mchele kwa foleni, sukari kwa foleni, na pumba hata ungepanga foleni usingepata. Lakini kondoo wa Sleiman walikula asubuhi na jioni, wakanona, mikia ikajaa mafuta ikawa mizito kama mito ya kulalia. Watu walikuwa wakipita uwani kwake makusudi kuwatazama. Mtoto akazaliwa wa kiume, akapewa jina siku ya saba, na akika, sadaka ya kumchinjia mtoto, ikawekwa siku ya kumi na nne, ambayo ni Ijumaa hii inayokuja. Wa kiume huchinjiwa wawili. Watu arubaini walikuwa wamekwisha alikwa.

— Nyinyi mnaniuliza gunia, alisema Sleiman. Gunia lingeweza kuwa la bia likatiwa pumba.

— Lingeweza, alikubali Abdulla, na hapo ndipo akakaa. Ndiyo maana nikanusa.

— Umenusa gunia la watu dirishani?

— Nilipanda juu ya jiwe.

Simai alikohoa kama wanavyokohoa madaktari.

— Mie nilijua zamani. Rangi ya manyoya ilinambia. Yale ni machicha. Bia hutengenezwa kwa shayiri, na shayiri ikishakamuliwa hubaki machicha, kama ya nazi. Wazungu huwalisha kondoo wao.

— Ulijua zamani mbona ulikuwa ukisema wamenona kwa maji yako ya ukwaju? aliuliza Abdulla.

— Ukwaju pia umesaidia.

Ndani ya mfuko wa kanzu ya Sleiman, upande wa kifua, mlikuwa na barua iliyokunjwa mara nne, na ndani ya barua ile mlikuwa na jibu la kila kitu ambacho barza ilikuwa karibu kukiuliza. Lakini jibu lile lilikuwa haliwezi kutoka peke yake. Lingetoka na mwenye kuliandika, na mwenye kuliandika alikuwa ni Majid, mwanawe wa pekee, ambaye mtaa mzima wa Kiponda ulikuwa ukijua kwamba yuko Dar es Salaam anafanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Ulikuwa ukijua hivyo kwa kuwa Sleiman ndiye aliyeuambia.

— Sasa, Ame, alisema Abdulla, tupe sharia. Ijumaa tumealikwa. Tule au tusile?

Ame alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa. Ndivyo alivyokuwa akifungua kitabu.

— Mnyama anayekula uchafu, sharia yake inajulikana hata kwa watoto. Kuku anayeparura majaani, kabla ya kuchinjwa mnamfanyaje?

— Tunamfungia siku tatu, alijibu Jaku, tunamlisha nafaka safi.

— Naam. Kuku siku tatu. Kondoo siku saba. Ng'ombe siku thalathini. Ngamia arubaini.

— Ngamia sie hatuna, alisema Simai.

— Nakupa sharia nzima.

— Basi leo Jumatatu, alihesabu Abdulla kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alkhamisi. Ijumaa asubuhi kisu. Tuna siku nne kwa kuazima. Saba zinatoka wapi?

Sleiman alihisi macho yao shavuni, akanywa kahawa yake ya tangawizi ambayo sasa ilikuwa vuguvugu.

— Kuna njia, alisema Ame. Kondoo ni wawili. Siku saba tukazigawa kwa wawili, kila mmoja anapata tatu na nusu.

— Tatu na nusu! Basi tunazo na nusu siku inabaki! alisema Jaku.

— Iliyobaki tunaihifadhi, alisema Ame. Hwenda mmoja wao akala kitu.

Sleiman alimgeukia.

— Ame, kitabu gani kinachogawa siku?

— Kiko nusu ya pili.

Abdulla hakuridhika. Yeye alikuwa amekuja na habari kubwa na hakutaka imalizike kwa kugawanya.

— Hesabu hizo ni za mnyama aliyekula uchafu. Huyu hakula uchafu, huyu kala ulevi. Redio ilisema, huko Ulaya palikuwa na kondoo aliyelishwa machicha haya miaka miwili. Alipolazwa achinjwe, alicheka.

— Kondoo alicheka?

— Alicheka mpaka mchinjaji akaweka kisu chini akaenda zake kwao. Hajachinja tena mpaka leo.

— Kitaalamu inawezekana, alisema Simai. Lakini kinacholewa hasa si kondoo. Kondoo mwenyewe mzima. Kinacholewa ni nyama. Kondoo anatembea, anakula, anakutazama, na nyama ndani imelewa bila yeye kuwa na habari. Ini ndilo la kwanza. Mtu akilila ini lile, hesabu zinampotea.

— Hesabu gani?

— Zote. Anaweza kusahau yuko rakaa ya ngapi.

Hapo Ame alishituka kweli kweli.

— Basi tazameni balaa lilipofika. Nyama hiyo itapikwa katika masufuria ya msikiti. Masufuria hayo ndiyo ya maulidi yote na khitima zote, kuanzia hapa mpaka mtaa wa Malindi. Pilau ya Ijumaa itaingia katika pilau zote zitakazofuata.

— Na mavi yao je? aliuliza Abdulla. Miezi mitatu kondoo wanakunya uwani. Mvua za vuli zimepiga. Yote yameteremka mitaroni yakaingia pwani. Changu wanaovuliwa Malindi wamekula nini?

— Mola atunusuru.

— Sie tumekula changu.

— Mie jana nimekula changu, alisema Simai. Wa kupaka.

Jaku alilitazama dele lake.

— Na maji ya kahawa?

— Maji ya bomba. Yanatoka Bububu.

— Bububu si pwani?

Wote wanne walitazama ndani ya vikombe vyao. Kisha Abdulla akakinyoosha chake, Jaku akamjazia tena, akakinywa.

Sleiman alikuwa anawasikiliza. Mtu mwingine angecheka. Yeye alijua kwamba maneno ya barza hayaishi barzani. Magharibi yangefika kisimani, isha yangefika kwa wote arubaini walioalikwa, na Ijumaa pangetandikwa mikeka ya watu arubaini wakaja saba. Na Tamima yuko juu, ana siku kumi tangu ajifungue, anasikia kila kitu kwa kuwa dirisha liko wazi na gunia halizuii sauti. Sleiman aliona haya, tena haya nzito, na hakujua hasa anamwonea nani.

— Pana njia ya kujua, alisema Simai. Ulevi hupimwa. Mtembezeni mmoja katika mstari. Akinyooka, mzima. Akiyumba, kalewa.

Kabla Sleiman hajatia neno Abdulla alikwishaingia uwani, na alipotoka alikuwa anamvuta kondoo kwa kamba. Mnyama alikuwa mweupe, kichwa cheusi, mnene, mpole, na alitoka nje kama mgeni wa heshima anayetarajia kukaribishwa. Simai alichora mstari wa mkaa katikati ya njia. Dirisha la juu likafunguka zaidi, ikasikika sauti ya Bi Kulthum.

— Mnampeleka wapi mnyama wa watu?

— Tunampima, Bi Kulthum.

— Mnampima nini?

— Akili, alisema Simai.

Bi Kulthum alimtazama kondoo, kisha akawatazama wao.

— Mkimaliza, alisema, mpimane na nyinyi. Akalivuta gunia ndani.

Kondoo aliwekwa juu ya mstari. Alisimama. Ame akamwambia tembea, hakutembea. Jaku akamwonyesha kipande cha kashata, na hapo kondoo akaanza kwenda, pole pole, na kila hatua moja kiuno chake chote kilikwenda kulia, kisha kushoto, kisha kulia.

— Anayumba! alisema Abdulla. Wallahi anayumba!

— Ni mkia, alisema Sleiman. Mkia mzito. Kondoo wote wa mkia hutembea vile.

— Bi harusi pia hutembea vile, na yeye hakunywa kitu, alisema Jaku.

— Kitaalamu, alisema Simai, hapa pana mawili. Ama mkia unamyumbisha yeye, ama yeye anauyumbisha mkia. La kwanza halali, la pili haramu.

— Na utajuaje?

— Tungempima bila mkia.

Wakamtazama kondoo. Kondoo alikuwa amekwisha kashata na sasa anailamba njia, akiufuta mstari.

Pengine Sleiman angeendelea kunyamaza. Lakini Ame alinyoosha mkono kuitwaa kamba, akasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayekutakia mema:

— Fundi, miye ningekuwa weye, wanyama hawa ningewapa watu wasiojua. Akika ya mtoto haichezewi. Mtoto asije akaanza dunia na kitu kama hiki.

Ndipo damu ikampanda Sleiman.

— Ame, mwezi wa Rajabu ulikuja kwangu na debe. Mbuzi wako maziwa yamekauka. Nilikupa nini?

Ame alitazama juu, kwenye kipande cha mbingu kilichobaki baina ya mapaa.

— Ulinipa pumba.

— Nilikupa haya haya. Debe zima, na Shaabani nusu debe. Maziwa yalirudi, hayakurudi?

— Yalirudi, alisema Ame kwa shida.

— Ukanywa.

— Nilikuwa natia katika chai.

— Na weye Abdulla, kuku wako wanataga tena, wanatagishwa na nini? Na weye Simai ulichukua kikapu, ukasema unakwenda kuchunguza. Ulichunguza nini?

— Nilimchunguzia bata wangu, alisema Simai. Matokeo yalikuwa mazuri.

Ilikuwa dhahiri kwamba kesi sasa ina washitakiwa wengi kuliko mahakimu. Ame aliikung'uta tena kofia yake, mara hii kwa muda mrefu zaidi.

— Mbuzi, alisema, ni jambo jingine. Mbuzi wangu hakukusudia.

— Na kondoo wangu walikusudia?

— Nataka kusema hivi: kuna udhuru. Mwaka wenyewe mwaka wa dhiki. Na tena hatujajua machicha hayo hutolewa wakati gani. Yakitolewa pombe ikishakuwa pombe, hilo moja. Yakitolewa kabla, hilo la pili. Nani anajua?

— Wanajua wenyewe wa kiwanda, alisema Abdulla. Nani atakwenda kumuuliza mtu wa kiwanda cha bia? Sie Kiponda hapa hatuna mtu wa kiwanda cha bia.

Alilisema taratibu, huku anatazama kwingine. Na Simai naye akatazama kwingine, na Ame, na Jaku, hata ikawa katika njia ile yote aliyekuwa akimtazama Sleiman ni kondoo tu.

Sleiman aliingiza mkono kifuani. Hakuitoa barua, aliigusa tu. Alikuwa anaijua kwa moyo. Baba, ilisema, usiwe na wasiwasi na chakula hiki. Shayiri inachemshwa, maji yake yanakamuliwa, na machicha yanatolewa siku hiyo hiyo kabla hamira haijatiwa. Bado ni uji tu. Miye ndiye ninayeyatoa kwa koleo, nayaanika juani uwanjani, nayatia guniani kwa mkono wangu. Barua za Majid zilikuwa nyingi, miaka mitano ya barua, zote zimo katika sanduku la sindano chini ya kitanda, na Sleiman hakujibu hata moja. Siku Majid aliposema kwamba kazi aliyoipata ni ile, babake alimwambia: ukipita mlango ule, miye si babako. Majid alipita, kwa kuwa mlango mwingine haukuwapo. Gunia la kwanza lilipokuja, Sleiman alilisukuma mpaka kwenye kona ya ukumbi, likakaa siku nzima, na kondoo wakalia siku nzima, mpaka Bi Kulthum akachukua kisu akalikata uzi bila kumuuliza mtu.

— Yanatolewa kabla, alisema Sleiman.

— Kabla ya nini?

— Kabla ya hamira. Ni shayiri iliyochemshwa, basi. Hamira inatiwa katika maji, na machicha yako nje zamani.

— Umejuaje?

— Nimeambiwa na anayeyatoa.

— Na nani?

Sleiman alikitua kikombe juu ya jiwe.

— Na Majid. Majid yuko kiwanda cha bia. Yuko huko tangu mwaka wa sitini na sita. Hakuna sabuni. Hapakuwahi kuwa na sabuni.

Alingoja. Alikuwa ameungojea wakati huo miaka mitano, akiuogopa, akidhani barza itapasuka katikati. Abdulla alikuna goti.

— Tunajua, alisema.

— Mnajua?

— Tangu mwaka wa sitini na saba. Shemegi yangu alimwona getini.

— Na mie aliniletea salamu mtu wa meli, alisema Simai.

— Sasa mbona hamkusema?

— Weye ulisema sabuni, alisema Ame. Na sie tukasema sabuni.

Sleiman aliwatazama watu wale watatu, waongo wakubwa, wasioweza kuweka siri ya bei ya kitunguu, ambao walikuwa wameiweka yake miaka minne. Alimwambia Jaku amtilie kahawa nyingine, na Jaku akainamisha dele, likatoa nusu kikombe na matope.

— Imekwisha, alisema Jaku. Mmezungumza sana.

— Basi limekwisha na jambo lenyewe, alisema Ame kwa furaha. Kabla ya hamira ni uji. Nani aliyekataza uji? Kondoo halali, mbuzi halali, kuku, bata, na changu wote. Ijumaa tunakula.

Ndipo akatokea mtu upande wa Hurumzi, mrefu, kanzu yake fupi, kifurushi cha visu kimezongwa kitambaa kwapani. Alikuwa Silima, mchinjaji kutoka Ng'ambo, aliyeitwa kwa sababu yule wa mtaani mgongo umemlaza. Walimjua kwa sifa tu, kwamba mkono wake mwepesi na kwamba maneno hana.

— Assalamu alaykum. Nimeambiwa hapa ndipo kwa fundi Sleiman.

— Waalaykumu salaam. Ndiye mie.

— Nimekuja kuwaona wanyama kabla ya siku.

Alimshika yule kondoo aliyekuwa njiani, akamfungua mdomo akatazama meno, akamvuta masikio, akamkagua macho, akapapasa miguu na mkia. Akaingia uwani akamwona na wa pili. Akatoka anajifuta mikono.

— Wazima.

— Wamekula machicha ya bia, alisema Abdulla, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

— Mie nimekula muhogo, alisema Silima. Fundi, nataka jina. Nikishika kisu nasema, Mola wangu, hii ni akika ya fulani bin fulani. Siwezi kusema fulani. Mtoto nani?

— Sleiman.

— Nakuuliza mtoto.

— Mtoto ndiye Sleiman, alisema Sleiman. Babake ndiye aliyemchagulia.

Barua iliyokuja na jina lile aliisoma amesimama, na alipomaliza alikwenda uwani akakaa na kondoo.

— Sleiman bin nani?

— Bin Majid.

— Na huyo Majid?

— Mwanangu.

Silima alitikisa kichwa, akalirudia jina zima kimya kimya, midomo ikicheza, akalihifadhi. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia mengine:

— Baba mtu anafika lini?

Simai alitafuta neno la kitaalamu hakulipata. Silima akadhani hawakusikia.

— Akika ni ya baba kumtolea mwanawe. Babu akimshikia, sawa, lakini mwenye jambo ni baba. Na wakati wa maulidi watu wakisimama, mtoto akapitishwa akatwe nywele, babake ndiye anayembeba. Ndiyo nauliza. Anafika lini?

Sleiman alimtazama Ame. Ame, ambaye kwa umri wake wote hakuwahi kuulizwa kitu akakikosa, alikuwa ameinama anatazama miguu yake.

— Sikumwita, alisema Sleiman.

— Vipi?

— Nimeita watu arubaini. Nimeita mpaka mtu wa Jozani aliyeniuzia kamba. Sijamwita yeye. Sauti ilimpasuka, hakuificha. Kanilishia kondoo, kampa mwanawe jina langu, na mie sijamwambia njoo.

Silima hakushangaa wala hakumlaumu. Alikirekebisha kifurushi chake kwapani.

— Mwite, alisema. Akifika, nitakuja. Akenda zake njia aliyojia.

Kondoo alilia mara moja. Juu, kule dirishani, kilisikika kitoto kikianza kilio na sauti ya Tamima ikikibembeleza, karibu sana, kana kwamba alikuwa amesimama pale pale muda wote.

— Posta inafunga saa kumi na moja, alisema Abdulla. Imebaki robo saa. Ukipiga simu ya maandishi sasa hivi, kesho asubuhi anayo mkononi, na meli ya Alkhamisi anaiwahi.

Ilikuwa taarifa ya kweli, na hapana aliyembishia. Sleiman alisimama, akavaa viatu, kimoja chake na kimoja cha Simai, na hakuna aliyemwambia. Alikwenda hatua za mtu mzima mpaka kwenye kona ya Hurumzi. Hapo wakamwona anashika upindo wa kanzu, anaunyanyua juu ya magoti, na mzee wa miaka sitini na tatu akaanza kukimbia.